Binti Niliyemtoa Ukumbini

Magoti ndiyo yaliyostaafu kwanza, mimi nikafuata baadaye. Kwa hiyo ninyi vijana mlioajiriwa sasa pale ukumbini, mkija nyumbani kwangu Ilala mkanikuta barazani nimenyoosha miguu, msidhani napumzika. Nimechoka tu. Kuchoka na kupumzika ni vitu viwili.

Mmesema mnataka niwaandikie mambo ya kazi. Haya. Mimi shule niliishia darasa la nne, huko kwetu Lindi, na mwandiko wangu ndio huu. Asiyeuweza amwombe mwenzake amsomee. Na sitaanzia mwanzo, maana mwanzo hauna faida kwenu. Niliolewa, nikaletwa Dar es Salaam, mume akafa, nikatafuta kazi nikapata pale ukumbini, kati ya Kariakoo na Mnazi Mmoja, nikakaa mpaka nikazeeka. Basi. Wanawake wangapi wa Kariakoo wana habari hiyo hiyo.

Tuanze na ufagio. Ukumbi mkubwa haufagiwi mkavu. Unanyunyiza maji kwa vidole, kama fundi anayepiga pasi, unasubiri kidogo, ndipo unafagia kutoka jukwaani kwenda mlangoni. Ukianzia mlangoni unapeleka vumbi lote jukwaani. Mimi nilifanya hivyo wiki yangu ya kwanza. Mama mmoja wa taarabu akasimama na gauni lake la kumeta, akavuta pumzi aanze, akapiga chafya saba. Wapiga fidla wanarudia utangulizi, yeye anapiga chafya. Bi Hadija, ndiye aliyenifundisha kazi, Mungu amrehemu, alinitazama kutoka upande wa pili wa ukumbi. Kesho yake alinikabidhi ufagio wote na dekio lote, akaenda zake kunywa chai. Nilifagia peke yangu mwezi mzima.

Sasa viti. Hivi vyenu vya plastiki mnavyovivalisha magauni na utepe kiunoni, mtoto anabeba. Vyetu vilikuwa vya chuma, vya kukunja, kimoja kizito kama mtoto wa miaka mitatu aliyelala. Bi Hadija alinionyesha. Usivikunje kimoja kimoja, hutamaliza. Usibebe vitano, utavunjika mgongo. Vitatu. Unakunja cha kwanza, cha pili, cha tatu, haraka haraka, kang, kang, kang, vinalaliana mkononi. Halafu unasimama. Unashika kiuno, unavuta pumzi moja ndefu, unaitoa, ndipo unabeba. Hiyo pumzi usiiruke hata kama meneja anakuita. Wenzangu wawili waliiruka, mmoja mpaka leo anatembea ameinama. Vitatu, pumzi. Vitatu, pumzi. Nimefanya hivyo miaka na miaka, kila baada ya shughuli, harusi, mkutano, mazoezi ya bendi, kila kitu. Siku vile viti vilipopakiwa kwenye gari kwenda kuuzwa chuma chakavu mtaa wa Gerezani, machozi yalinitoka. Watu wakanipa pole. Wangejua nilivyofurahi.

Lakini kazi yangu hasa, mnajua, ilikuwa mlango.

Siku hizi mlangoni mna mabaunsa wenye vifua, mna kadi za kumulika kwa simu. Sisi tulikuwa na macho. Shughuli yoyote mjini hapa ina wazamiaji, wale watu wanaokuja kula pilau la harusi wasiyoalikwa, na wengine wamefanya ndiyo riziki. Bi Hadija alinipa dalili tatu. Ya kwanza, mfuko uliokunjwa, maana mzamiaji anakula na anabeba. Ya pili, anapitia mlango wa jikoni, pale wanapoingilia wapishi. Ya tatu, anaongea kwa upole mno. Mwalikwa wa kweli ukimzuia mlangoni anafoka, anamtaja mjomba wake, anataka meneja aitwe. Mzamiaji anakuita mama.

"Ukiona moja, muulize," alinifundisha. "Ukiona mbili, msimamishe. Ukiona tatu, usimsikilize kabisa, maana akianza kueleza utamwonea huruma."

Nilizishika dalili hizo kama sala. Nimewatoa watu mimi. Kuna mmoja alisema yuko upande wa bwana harusi. Nikamuuliza, bwana harusi anaitwa nani? Akasema Juma. Kweli, bwana harusi alikuwa Juma! Nikamuuliza, Juma nani? Akaniambia, "Mama, kwani mimi ni serikali ya mtaa?" Nikamtoa.

Aliyenishinda ni mmoja tu, Mzee Suti. Jina lake la kuzaliwa silijui. Alikuwa mzee mtanashati wa Buguruni mwenye suti moja ya kijivu, amepigwa pasi hata kwenye uso. Hakuwa na mfuko, alipitia mlango wa mbele, na ukimsimamisha alifoka. Hana hata dalili moja. Kila shughuli alikuwa safu ya pili, anapiga makofi kabla ya watu wote. Mimi nilimjua, yeye alijua kwamba namjua, na kwa kanuni za Bi Hadija sikuwa na pa kumshikia. Ningemshika pale pale siku ya kwanza, haya ninayowaandikia yasingekuwa na nusu yake.

Kuna jambo lingine la mlango nalo niliseme, ingawa silipendi. Nyuma ya ukumbi, upande wa vyoo, kuna ule ukuta wa matofali yenye matundu. Mnaujua. Sauti yote ya jukwaani inatokea pale. Kila bendi ikija kufanya mazoezi mchana, nje ya ule ukuta watu wanajikusanya kusikiliza bure. Wapagazi wa sokoni, wauza mihogo na makarai yao, watoto wao. Wanazungumza, wanacheka, wanajisaidia. Meneja wa wakati huo akaniambia niwaondoe. Nilikuwa nakwenda na ndoo ya maji ya kudekia, yale machafu, namwaga kwa juu kupitia kwenye matundu. Wanakimbia. Kesho wanarudi, namwaga tena. Hata sikuwaangalia nyuso. Ukumbini nilikuwa nahesabika mfanyakazi hodari kwa ajili ya hiyo ndoo.

Sasa niwaambie ile siku.

Ilikuwa mwaka wangu wa mwisho kazini. Tukaambiwa kuna tuzo za kimataifa zinafanyikia kwetu, tuzo za vijana watunzi wa muziki wanaochipukia, kutoka nchi mbalimbali. Nikadhani ni waimbaji. Nimezoea waimbaji, nawajua kwa mbali, wana miwani na watu wa kuwabebea maji. Mratibu wa shughuli, dada mmoja mwembamba asiyeachia kishikwambi chake hata akipiga mswaki nadhani, akaniambia hapana.

"Bibi, hawa hawaimbi. Hawa ndio wanaoutunga muziki. Anauandika kwenye karatasi, kila chombo na sehemu yake, wengine wanaupiga."

"Na yeye anafanya nini wakati wanapiga?"

"Anakaa anasikiliza."

Nikasema moyoni, kazi nzuri hiyo, ningeipata mapema.

Shughuli ilianza saa nane mchana, na asubuhi yake ilikuwa imenyesha mvua, mnajua Kariakoo ikinyesha. Zulia jekundu mlango wa mbele, makamera, mashine za kurusha mambo hayo moja kwa moja watu wayaone hukohuko kwao nje. Mlango wa mbele ukapewa mabaunsa. Mimi nikaambiwa nikae mlango wa jikoni, kwa kuwa nimezeeka. Hawakusema hivyo, walisema "bibi upumzike kule." Nikaelewa.

Wageni wameshakaa, naona kibinti kinaingia. Kifupi, sketi nyeusi, kandambili, matope mpaka kwenye muundi. Kwapani kabana mfuko wa kijani uliokunjwa. Kapitia jikoni. Akasimama mbele yangu, akainama kidogo, akasema kwa sauti ambayo hata nzi haimshtui:

"Shikamoo bibi. Naomba kupita chooni nibadilishe viatu."

Dalili tatu. Zote tatu, kwa mara moja.

"Marahaba. Umealikwa?"

"Ndiyo bibi. Mimi ni mmoja wa wanaotunukiwa leo."

"Na mimi ndiye bibi harusi," nikamwambia.

"Kadi ipo kwenye simu, bibi, ila simu imezima, nimekuwa nayo dukani tangu asubuhi, kama ungeniitia yule dada..."

Usimsikilize, maana utamwonea huruma. Nikamshika mkono, nikamgeuza kama ninavyogeuza meza, nikamtoa. Hakung'ang'ania. Wala hakulia. Aliniangalia tu, kama mtu aliyekuwa anajua kwamba hili litatokea, akashuka ngazi. Nikafunga mlango nikarudi kukaa. Na nilijisikia vizuri, sitawadanganya. Nilijiambia, wanasema nimezeeka, mabaunsa wote wale na aliyekamata mzamiaji ni mimi.

Watunzi wakaanza kuitwa, mmoja mmoja. Anapanda, anaeleza wimbo wake, anawaonyesha wapigaji kwa mkono uende upesi au taratibu, kisha anakaa kwenye kiti chake safu ya pili, unapigwa. Wa kwanza kijana wa nje, mrefu. Wa pili binti wa nje naye. Nilikuwa nimepeleka glasi za maji mbele wakati mratibu aliponivuta upindo wa khanga.

"Bi Somoe, hukumwona binti wa kwetu kule nyuma? Rehema. Ndiye Mtanzania peke yake mwaka huu. Ni wa tatu, anafuata sasa hivi. Simu haipatikani."

Akanigeuzia kishikwambi. Picha.

Vijana, kuna baridi inayoanzia kwenye nyayo. Nilikuwa nimeisikia mara moja tu kabla ya hapo, siku walipokuja kuniambia habari ya mume wangu.

"Asipotokea?" nikauliza.

"Wataupiga hivyo hivyo. Watu wanatazama kutoka nchi nyingine, hatuwezi kusubiri." Akafuta jasho. "Kinachoniuma, bibi, hajawahi kuusikia."

"Wimbo wake mwenyewe?"

"Ameuandika kwa kichwa. Pale kanisani kwao kuna kinanda kibovu, ndicho alichoazimwa. Asubuhi wapigaji wamefanya mazoezi, bosi wake wa duka la vitenge hakumruhusu mpaka saa saba. Ni leo tu. Wapigaji wanarudi kwao kesho."

Sikumwambia. Ningemwambia pale pale, "Ni mimi nimemtoa," labda angesimamisha shughuli, labda asingesimamisha. Mdomo ulikataa. Badala yake miguu ikanipeleka nyuma ya jukwaa, kwenye chumba cha umeme. Ufunguo nilikuwa nao, nilikuwa nao miaka yote. Nikaingia, nikashusha swichi kubwa, nikatoka nikafunga mlango.

Ndiyo. Umeme wa siku ile haukukatika. Niliukata mimi. Leo ndiyo mara ya kwanza naisema.

Feni zikasimama, ukumbi wote ukasema "Aaah!" kwa sauti moja. Nikamsikia Chande, yule fundi wetu wa jenereta, anakimbia na kandambili zake, pata pata pata. Nikawahi. Chumba cha jenereta kilikuwa na kufuli, na ufunguo wake hutundikwa msumarini. Nikautwaa, nikaufunga kwenye pindo la khanga, nikatoka mlango wa mbele kama mtu anayekwenda dukani.

"Bi Somoe, umeona ufunguo wa jenereta?"

"Chande, mimi ndiye ninayetunza jenereta?"

Mungu anisamehe.

Nikavuka mpaka viwanja vya Mnazi Mmoja. Jua limetoka baada ya mvua, mvuke unapanda ardhini, macho yananiuma. Nikamuuliza muuza kahawa, umeona binti mfupi, ana mfuko?

"Bibi, hapa binti asiye na mfuko ndiye nitakayemkumbuka."

Nikaelekea Kariakoo. Nikaingia mtaa wa vitenge, nikakumbuka sijui duka lipi. Maduka yenyewe yamebanana kama meno. Nikauliza matatu, manne. "Rehema yupi, bibi? Hapa wako watano." Mkokoteni ukanisukumia kwenye dimbwi. Goti la kulia likaanza kugoma, lile linalogoma mpaka leo. Nikasimama katikati ya watu, nikafikiri, sasa Chande atavunja ile kufuli, jenereta litawaka, wataupiga, na yule mtoto hatausikia wimbo wake mpaka anaingia kaburini, kwa sababu mimi ni hodari wa mlango. Nikageuka kurudi. Sikuwa na mpango wowote. Nilirudi tu kwa sababu sikuwa na kwingine.

Nikapita nyuma, upande wa vyoo, ili mratibu asinione uso.

Alikuwa pale. Hatua ishirini kutoka kwenye mlango nilikomtolea. Amechuchumaa chini ya ule ukuta wa matundu, mfuko mapajani, sikio ameligandisha kwenye tofali.

"We binti," nikasema.

Akaruka. Akainua mikono yote miwili akafunika kichwa. "Naondoka bibi, naondoka, usimwage!"

Sikuwa na ndoo. Mikono yangu ilikuwa mitupu, nikaitazama.

Yeye akashusha mikono taratibu.

"Nilishakumwagia?" nikamuuliza.

"Mara mbili. Zamani, nikiwa mdogo. Mama alikuwa anakaangia mihogo hapa." Akafikiri. "Ya pili ilikuwa na sabuni, ilikuwa nafuu."

Nilitaka kucheka, sikuweza.

"Kwa nini hukuzunguka mlango wa mbele ukaitiwa yule dada?"

"Na hizi kandambili, bibi? Kwenye makamera yale? Nikasema wataupiga hata nisipokuwepo, nitausikia hapa. Hapa nimezoea. Ila umeme umekatika."

"Utarudi."

"Umejuaje?"

"Nimejua. Toa viatu kwenye huo mfuko."

Nikafungua bomba la nje, nikachota maji masafi kwa kopo, nikamwagia miguu mpaka matope yakaisha. Nikamfuta kwa khanga yangu. Viatu vilikuwa vyeusi, vya kuazima, vinambana. Alipokuwa anahangaika navyo nikaenda kuinua ile swichi. Ukumbi ukapiga makofi, umeme huwa unapigiwa makofi kwetu kuliko wasanii. Ufunguo wa jenereta nikautundika msumarini.

Sasa nampitisha mlango wa jikoni, nampeleka safu ya pili, kwenye kiti kilichoandikwa jina lake. Kiti kina mtu. Suti ya kijivu, miguu imepishana, karatasi ya jina ameikalia.

"Mzee," nikamwambia, "inuka."

Akaanza kufoka kama kawaida yake. "Unajua unaongea na nani?"

"Najua. Ndiyo maana nimekuja mwenyewe."

Akanitazama, akamtazama binti, akaona viatu vinavyombana. Yule mzee akainuka, akakifuta kiti kwa kitambaa chake cha mfukoni, akasema, "Kaa mwanangu. Nilikuwa nakulindia." Akaja kusimama na mimi ukutani kule nyuma. Hakuna aliyemfukuza. Tulisimama bega kwa bega, mzamiaji na mlinzi wa mlango, na mimi siku ile nisingejua kusema nani alistahili kutolewa.

Rehema akaitwa. Akapanda jukwaani, akasema maneno mawili matatu, kipaza sauti hakikumsikia sembuse sisi. Akawaonyesha wapigaji kwa mkono. Akarudi akakaa.

Sasa mimi muziki wa karatasi siujui. Nilitegemea fidla zianze. Hazikuanza. Mpigaji mmoja aliyekuwa nyuma kabisa, mbele yake wametundika kipande cha chuma kwa kamba, akakigonga mara tatu, haraka. Kang, kang, kang.

Kisha wote wakanyamaza.

Mkono wangu ukaenda kiunoni wenyewe. Nikavuta pumzi. Na fidla moja, ya chini kabisa, ikavuta pamoja na mimi, ndefu, ikaachia. Kisha tena chuma, tatu. Kisha pumzi. Vyombo vingine vikaanza kuingia kidogo kidogo juu yake, kuna filimbi ilikuwa kama bendi inayofanya mazoezi chumba cha mbali, kuna mahali paliporushwa kitu kama maji, watu wakashtuka viti vya mbele. Lakini chini yake, mwanzo mpaka mwisho, ni vile viti. Tatu, pumzi. Tatu, pumzi. Palepale nilipokuwa nasimama, na wao walisimama.

Mzee Suti akaninong'oneza, "Mbona unalia?"

"Vumbi," nikamwambia. "Wamefagia vibaya."

Rehema hakugeuka hata mara moja. Nilikuwa naona kisogo chake tu na masikio. Alikaa ameinamisha kichwa upande, lile sikio la kushoto mbele, vilevile alivyokuwa pale ukutani.

Hakushinda tuzo kubwa. Ilikwenda kwa yule kijana mrefu wa kwanza, na waliojua muziki walisema ni haki. Yeye alipewa cheti na kile kipande cha kioo cha kumbukumbu wanachopewa wote. Nilimkuta baadaye jikoni amevua viatu, anakula pilau kwa mkono, kioo kiko chini ya meza.

"Umekosa ile kubwa," nikamwambia. Mimi sijui kupamba maneno.

"Nimekosa," akasema. "Inauma kidogo." Akameza. "Ila nimeusikia, bibi. Fidla ya chini nimeiandika juu mno, nitairekebisha."

"Ulijua ni mimi? Wa vile viti?"

"Nilijua kuna mtu. Sauti ya mtu sikuwahi kuisikia, ni viti tu na kuhema. Nilidhani ni mwanaume."

Nikamwongezea nyama.

Chande aligombezwa siku ile mbele ya watu, kwamba jenereta la ukumbi ufunguo unapotea wakati wageni wa dunia nzima wamekaa. Alikatazwa zamu za Jumamosi, zile zenye chakula. Nilikuwa nimesimama pale na ndoo yangu nikanyamaza. Chande, najua hawa vijana watakusomea haya. Ni mimi. Njoo Ilala unigombeze na mimi, nitakupikia.

Nilimaliza ule mwaka nikaondoka. Rehema bado yuko kwenye vitenge, bado anaandika. Akipita kuniona huwa ananiuliza maswali ya ajabu, dekio la kamba lilikuwa linalia vipi likikamuliwa, mlango wa zamani wa mbao ulikuwa unafungwa kwa sauti gani. Namjibu ninavyokumbuka. Siku nyingine nimechoka, namwambia aje kesho, naye anakuja kweli.

Kwa hiyo yale niliyowafundisha hapo mwanzo, yashikeni. Nyunyizeni maji kabla ya kufagia. Viti bebeni vitatu, hata kama ni vyepesi, na pumzi msiiruke. Dalili za Bi Hadija zinafaa kwa harusi, zitumieni, lakini mtu akiwa nazo zote tatu msikilizeni mpaka amalize sentensi, hata kama sauti yake ni ndogo, hata kama mtamwonea huruma. Haitawaua.

Na maji ya kudekia yana shimo lake, liko nyuma ya choo cha wanaume, kifuniko chake kizito kidogo. Mwageni humo. Kabla hamjapita na ndoo upande wa ule ukuta wa matundu, kwanza chungulieni.